Kwa Mama Eunike, Aliyetulisha Sufuria Moja

Mwaka umeshatimia, Mama Eunike, tangu asubuhi ile ya baridi ulipotuacha hapa Ganako, Karatu, na bado geti likifunguliwa jioni tunageuka kuangalia kama ni wewe unarudi kazini. Tunajua si wewe, lakini tunageuka vilevile.

Jina lako ni Eliaichi. Dada yako Clara alipiga simu kutoka Machame akasisitiza lisomeke gazetini, na sasa limesomeka. Itatosha mara hiyo moja, kwa sababu kwetu Wamasai jina la aliyelala halitajwi ovyo, na wewe mila zetu ulizijua kuliko baadhi yetu tuliozaliwa nazo. Tutakuita Mama Eunike, kama tulivyokuita siku zote.

Anayeandika kwa niaba ya familia ni mimi, wifi yako Sifa. Walikaa wakatafutana nani aandike, wakasema mwenye mdomo humu ndani ni Sifa, aandike yeye. Sikukataa. Ulipokuwa hai haikupita siku sijakutania, na sioni kwa nini nianze adabu leo.

Unakumbuka ulivyoletwa kwetu Nainokanoka, bibi harusi wa Kichaga, masufuria yamefungwa juu ya gari utadhani unakuja kufungua hoteli? Ukungu mzito, baridi inakata masikio, na wewe swali lako la kwanza ukauliza ndizi zinapatikana wapi. Ndizi! Nainokanoka! Tulicheka mpaka ng'ombe wakatushangaa. Kisha ukasimama mlangoni mwa boma ukagoma kuingia, kama bibi harusi anavyotakiwa kugoma, mpaka baba yetu, Mzee Senteu, akakupa ndama. Kwetu mtu aliyekupa ndama mnaitana Paashe, wewe unamwita hivyo na yeye anakuita hivyohivyo. Tangu siku ile wewe na mkweo hamkuitana jina lingine.

Ulikuwa mpishi. Ulianzia kwenye kambi za watalii za kuhamahama, ukaja kutulia kwenye loji hapa Karatu, na wageni waliondoka wakiwa hawakumbuki wameona simba wangapi ila wanaikumbuka supu yako. Ulirudi nyumbani miguu imevimba, ukavua viatu mlangoni, ukaingia jikoni tena. Nikikwambia pumzika, unasema, "Kule nilipika kazi, wifi. Hapa napika chakula."

Ulionja kwa kiganja, si kwa kijiko. Ulikata vitunguu huku ukiimba nyimbo za kwaya kwa Kimachame, na ole wake mtu aliyekuja kukuitikia kwa sauti ya kubahatisha. Mwanamke yeyote wa mtaa huu aliyejifungua, awe Mwiraki, Mmasai au mpangaji wa juzi, alipata mtori wako wa ndizi kabla hajapata hongera za wengine. Hukumuuliza mtu anatoka kanisa gani.

Lakini kilichotukusanya hapa leo ni nyama yako ya kusaga.

Huko loji mliiita kaseroli. Sisi nyumbani tuliiita nyama ya kufunika, maana hukuwa na oveni. Uliipanga kwenye sufuria pana, ukafunika, ukapalia makaa juu ya mfuniko na mengine chini. Nyama chini, imekaangwa na vitunguu, nyanya na karoti mpaka maji yote yamekauka. Juu yake viazi vya Mbulumbulu, vimepondwa na maziwa na siagi. Halafu unachora mistari kwa uma, kama shamba lililotoka kupigwa haro, na mistari hiyo ndiyo iliyokuwa inaiva ikawa ya kahawia tukaigombania. Ulisema ni chakula cha mvivu, hakina ujuzi wowote. Mchaga wewe, ulikuwa unajua kujishusha ili usifiwe mara mbili.

Ilianza kwa sababu ya meno. Nilimuuliza Mzee kama naruhusiwa kuliandika hili gazetini, akasema, "Andika. Meno yangu hayakuibwa, yamestaafu."

Alipoanza kuishiwa meno hakumwambia mtu. Akija Karatu tukamwekea nyama, anaigeuzageuza, anawagawia wajukuu, anasema, "Nimeshiba." Nasi tukaamini. Tukasema ndio uzee, tumbo limekuwa dogo. Wewe ndiye uliyemtazama akinywa chai, ukaona anavyolowesha mkate mpaka unamong'onyoka ndani ya kikombe. Alipokuja mara nyingine ulimlaki getini na sinia lililofunikwa kitambaa, na jioni tukakuta nyama ya kusaga mezani, mkubwa kwa mdogo, hakuna hata mmoja aliyepewa ya kutafuna. Mzee akaiangalia muda mrefu.

"Nani amenitafunia nyama?" akauliza.

"Ni chakula cha Wazungu, Paashe," ukamjibu, "na wao wana meno yote."

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa lubega, shuka lake la begani. Akala, akasukuma sahani mbele akaomba nyingine. Tangu hapo kila alipokuja kwako alikuja na njaa.

Sasa inabidi niseme lililotuumiza, kwa sababu nikiliruka watasema Sifa amekuwa mnafiki.

Siku tuliyokuzika, Mzee alitaka ulale Nainokanoka, kwenye boma lake. "Huyu ni mtoto wangu," alisema. "Nilimpa ndama, akanipa wajukuu. Alale kwangu." Mumeo, kaka yangu Lembris, alijua ulikuwa umemwomba akulaze hapa Ganako karibu na watoto. Angeweza kulieleza hilo kwa upole. Lakini hakuwa amelala, hakuwa amekula, na ulimi hauna mfupa. Akamjibu baba yake mbele ya mchungaji, mbele ya majirani, mbele ya wazee wa rika la baba yake:

"Baba, ng'ombe wa mahari uliowatoa walishakufa. Mke ni wangu, na kaburi ni langu."

Mama wee! Maneno hayo Mmasai hamwambii baba yake hata akiwa amelewa. Mzee alijitengeneza lubega yake begani, akachukua fimbo, akatoka kabla jeneza halijashushwa. Tulimwona akipita kwenye mahindi, mgongo umenyooka, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Hakukanyaga tena Ganako. Lembris akipiga simu, Mzee anampa mtu mwingine aongee. Mchungaji alikwenda mara mbili, akapewa maziwa na hadithi za mvua, akarudi. Mimi nilikwenda nikalia, nikaambiwa ninyamaze nitawatisha ndama. Na kwetu watu wenye kinyongo hawali pamoja, kwa hiyo Krismasi ikapita, Pasaka ikapita, kila mmoja na sufuria yake. Kilichotuogopesha wote hatukukitamka: Mzee ameshazeeka sana, na akiondoka na neno lile likiwa bado lipo kati yao, Lembris atalibeba mpaka kaburini, na watoto wake watalirithi. Kaka yangu alikonda. Akawa anakula amesimama, kama mtu anayesubiri gari.

Aliyekataa kukaa na hofu hiyo ni Eunike wako. Unamjua alivyo. Siku hizi anafundisha watoto wa chekechea hapa Karatu, na mtu aliyezoea kuwanyamazisha watoto arobaini haogopi kimya cha mzee mmoja. Mwezi huu ulipoanza alinifuata nikiwa naanua nguo.

"Shangazi, mwaka wa mama ukifika nataka babu ale hapa. Na baba. Sufuria moja."

"Mwanangu, hata mchungaji ameshindwa."

"Mchungaji hakupika," akasema.

Alikwenda Nainokanoka na Landrova ya abiria, amebanwa katikati ya magunia ya unga, ukungu wa ukingo wa kreta umefunga hata dereva anatoa kichwa nje kutafuta barabara. Alimkuta babu yake mlangoni mwa zizi akiangalia ndama wanavyotolewa. Akainamisha kichwa, na Mzee akamgusa utosini, kwa sababu mjukuu hana kosa.

"Takwenya," Mzee akamsalimia kwa Kimasai.

"Iko, babu."

"Umekuja kuchukua nini?"

"Wewe."

Mzee akaendelea kuangalia ndama. "Baba yako amekutuma?"

"Hajui hata kama niko huku. Mwaka wa mama umefika, nataka kupika."

"Utapika nini?"

"Ile ya kufunika."

Ndama wa mwisho alipotoka, Mzee akafunga zizi mwenyewe.

"Nitakuja kumtembelea mama yako," akasema. "Sikusema nitakula."

Mtoto akarudi na hiyo nusu ya ahadi ameishika kama yai. Njia nzima alikuwa anahesabu kila kitu kichwani: viazi, siagi, karoti. Alijisemea kwamba ikitoka kama ya mama, babu atasikia harufu na moyo utalainika. Ikiungua, basi, babu atanyanyuka na fimbo yake na hatarudi tena. Alikuwa ameshapika vitu vingi maishani mwake lakini hicho hakuwahi; ulikuwa unampa viazi amenye, nyama ukaishughulikia mwenyewe.

Nilimwambia baba yake asiambiwe mapema, akagoma. Alimwambia Lembris jioni ileile. Lembris aliinama akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. "Atakuja kweli?" akauliza. Eunike akasema atakuja. "Basi nitanyoa," akasema kaka yangu.

Jumapili iliyopita, tulipotoka ibada ya kwanza, Eunike akapitia buchani kwa Hhando. Mashine yako ya mkono ya kusagia nyama, ile ya kubana pembeni mwa meza, ilikuwa juu ya kabati imefunikwa kanga. Hakuna aliyeigusa tangu uondoke, na yeye hakuwa na moyo wa kuwa wa kwanza. Hhando ana mashine ya umeme siku hizi, inasaga kufumba na kufumbua. Eunike akamwambia, "Nipe nzuri, isiyo na mafuta, unisagie kabisa." Akarudi na mfuko umefungwa vizuri, nyama nyekundu, safi. Mimi mwenyewe nilimsifu.

Mzee alifika saa za mchana, akashushwa getini. Akakaa kwenye kiti kivulini mwa ukuta wa jiko, fimbo katikati ya magoti. Lembris alitoka akiwa amenyolewa, shati la kanisani, akasema, "Shikamoo baba," akainamisha kichwa. Mzee akaitika, "Marahaba." Mkono haukunyanyuka. Kaka yangu alibaki ameinama muda ambao hata kuku waliuona ni mrefu, kisha akanyanyua kichwa mwenyewe, akaenda kukaa upande wa pili wa uwanja.

Jikoni Eunike alikuwa anapika. Vitunguu vikaanza kushika, akavipunguzia moto. Akaivunjavunja nyama kwa mwiko kama ulivyokuwa unafanya, mpaka haina mabonge. Akaonja kwa kiganja. Akatandaza viazi, akachora mistari, akafunika, akapalia makaa. Alipofunua nusu saa baadaye, haki ya Mungu, Mama Eunike, ilinukia jikoni kama vile umerudi. Eunike akakaa juu ya ndoo akalia kidogo, akajifuta kwa kitenge, akasema, "Tukapakue."

Tukasali. Sahani ya kwanza akampelekea babu yake kwa mikono miwili, akapiga goti. Mzee akaipokea. Akaitazama ile nyama, akachukua kijiko, akaigusa, akaifunua kidogo kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza. Kisha akaweka kijiko chini.

"Nimeshiba," akasema.

Sijui kama unanielewa jinsi neno lile lilivyotua. Eunike alilijua tangu utotoni. Alijua babu hakushiba, alikuwa ametoka Nainokanoka na kikombe kimoja cha chai. Aliona safari yote, ukungu wote, vinakwenda na maji. Na upande wa pili wa uwanja aliona baba yake anaweka sahani chini na shingo inaanza kumvimba.

"Baba, huyu mtoto..." Lembris akaanza.

"Baba, nyamaza," Eunike akamkatiza. Hajawahi kumwambia hivyo. Akabaki amepiga goti mbele ya Mzee. "Babu, nimekosea wapi? Niambie."

Mzee akamwangalia. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchanganya mtoto.

"Hukukosea kupika, mjukuu wangu. Harufu ni yenyewe. Ila nyama hii siijui. Ni ya wapi kwenye ng'ombe?"

"Ni ya kusaga, babu."

"Naona ni ya kusaga. Kabla haijasagwa ilikuwa nini? Paja? Shingo? Ni ya nani?" Akainua sahani kidogo. "Kwetu ng'ombe ana mpango. Iko nyama ya akina mama, iko ya vijana, kidari ni cha wazee. Mtu hali tu kilichochanganywa na mashine ya buchani, kama mtu asiye na kwao. Mama yako alinijulisha nayo kwanza."

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa anajua anasema nini.

Ndipo Mzee akatueleza. Kumbe, Mama Eunike! Kumbe lile sinia ulilokuwa unatoka nalo kumlaki getini, limefunikwa kitambaa, sisi tukidhani unampelekea chai, lilikuwa na kidari kizima! Unafunua, unainamisha kichwa, unamwambia, "Paashe, hiki ni chako. Niruhusu nikisage." Anakitazama, anakigusa, anasema, "Saga." Unarudi zako jikoni, unakisaga pamoja na nyama ya wengine wote, na jioni tunakula sufuria moja, kila mtu na haki yake imo humo ndani, na mzee asiye na meno amepewa heshima yake nzima kabla haijalainishwa. Miaka yote hiyo, hata siku ile aliyouliza nani amemtafunia nyama; kumbe mlikuwa mnatuchezea. Hukutuambia hata mimi, na mimi ndiye nilikuwa nakuambia siri zangu zote. Wifi, kwa hilo nimekasirika kidogo, wacha niseme.

Eunike alikuwa bado chini. Alielewa basi kwamba kila kitu cha mama yake alikuwa amekifanya sawasawa, mwiko na makaa na mistari, isipokuwa kile kimoja ambacho babu alikuja kukitafuta. Akaanza kunyanyuka arudi kwa Hhando.

Tukasikia geti linagonga. Kugeuka, Lembris hayupo.

"Ameondoka," Eunike akaninong'oneza. "Shangazi, amekasirika ameondoka." Na mimi niliamini hivyo. Mzee alikuwa amelisikia geti pia. Akaishika fimbo kama anayetaka kunyanyuka, kisha hakunyanyuka. Watoto waliendelea kula kwa sauti za vijiko tu. Nakwambia ule muda sitaki kuurudia.

Lembris aliporudi alikuwa na jasho, shati la kanisani limetoka nje ya suruali, na mfuko wa Hhando mkononi. Akapita moja kwa moja jikoni, tukasikia anapekua, akatoka na sinia lako. Ndani yake kidari kizima, na mfupa wake. Mwanamume yule, Mama Eunike, dereva wa watalii aliyezoea kubebewa hata glasi ya maji, alilishika sinia kwa mikono miwili kama mwali, akavuka uwanja, akapiga goti pale alipokuwa amepiga goti binti yako. Akainamisha kichwa.

"Baba, hiki ni chako. Naomba ruhusa."

Mzee akaitazama nyama. Akamtazama mwanawe utosini.

"Ruhusa ya nini?"

Wazee! Alijua vizuri ya nini. Lakini alitaka kusikia, na mimi namuunga mkono, maana lililosemwa mbele ya watu haliponywi kwa kunong'ona.

"Ya kusaga," Lembris akasema. "Na ya lile nililokwambia mbele za watu. Halikuwa neno la mtoto kwa baba yake. Nisamehe."

Eunike aliangalia mkono wa babu yake tu, ule uliokuwa juu ya fimbo. Ukabaki pale. Kisha ukaachia fimbo, ikaanguka vumbini, na mkono ukaenda ukatua kichwani kwa baba yake. Haukugusa na kuondoka kama ilivyo kawaida ya salamu. Ulikaa.

"Saga," Mzee akasema.

Basi Lembris akaishusha mashine kutoka juu ya kabati, akaikung'uta kanga, akaioshea nje mbele ya watu wote, akaibana mezani, akasaga. Alisaga vibaya. Vipande vinaruka, mpini unamponyoka, nikamwambia, "Kaka, hilo si gea la Landkruza, zungusha taratibu." Eunike akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, na Mzee akavuta kiti chake karibu ili aone. Eunike alipouliza ile ya kwanza aifanyeje, Mzee akasema ichanganywe, chakula hakitupwi. Eunike akaanza upya: vitunguu, nyanya, viazi vilivyobaki.

Tulikula jua likiwa bado lipo. Mzee na Lembris walikaa pamoja, na Eunike akawawekea sahani moja kati yao, bila kuuliza, na wakala upande huu na upande huu mpaka vijiko vikagongana katikati. Hakuna aliyesema kitu cha maana. Mzee alisema chumvi imetosha. Lembris alisema ndiyo, imetosha. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, na kama kuna mtu anasema nilikwenda kutafuta kuni, mwache aendelee kusema hivyo.

Walipomaliza, Mzee akaosha mikono, akaokota fimbo, akasimama.

"Lembris," akasema. Mwaka mzima hakuwa amelitamka jina hilo. "Nipeleke."

Wakaenda kwako, wawili. Eunike alitaka kuwafuata, nikamshika kanga. Tuliwaona toka mlango wa jiko. Mzee alisimama pale unapolala, hakusema neno tulilolisikia, midomo tu ilikuwa inacheza. Kisha akafanya jambo ambalo hatukulielewa. Akatoka pembeni mwa kaburi lako, hatua chache kuelekea kwenye maharage ya Lembris, akachomeka fimbo yake ardhini.

"Hapa pasilimwe," akasema, kwa sauti ya kutufikia wote.

"Baba, hapo ni maharage tu, ni..."

"Nimesema pasilimwe. Mkishayavuna haya, pabaki hivyohivyo." Akavuta pumzi. "Yeye hakuja kulala kwangu. Basi mimi nitakuja kulala kwake."

Kaka yangu alilia pale shambani kama mtoto aliyepotea mnadani akaonekana, na baba yake akamshikilia bega mpaka akamaliza.

Ndivyo tulivyokukumbuka, Mama Eunike. Maharage yameshang'olewa sehemu ile. Lembris hakusubiri mavuno. Eunike amenunua kitambaa kipya cha kufunikia sinia, na amesema babu akija mwezi ujao atamlaki getini mwenyewe.

Mungu akulaze pema, mpishi wetu. Unakumbukwa na baba mkwe wako Mzee Senteu. Mume wako Lembris. Watoto wako Eunike, Isaya na Sinyati. Dada yako Clara na ndugu wote wa Machame. Shemeji yako Lemayian na boma lote la Nainokanoka. Majirani wa Ganako uliowalisha. Na mimi wifi yako, Sifa. Kwa kawaida mume huandikwa wa kwanza. Mzee aliomba mwaka huu atangulie yeye, na mumeo amesema ni haki yake. Hatutakusahau maisha yetu yote.